Viti navihesabu, meza nazihesabu, iweje "furniture" haihesabiki?

mdadisi_tu

Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada maana hapa nilipo nina hasira na aibu kwa pamoja. Juzi nimemwandikia bosi wangu imeli kwa Kiingereza, nimekaa nayo karibu saa nzima naipiga pasi, nikaituma nikiwa na amani kabisa. Jioni imerudi imejaa rangi nyekundu. Nilikuwa nimeandika hivi: "I need some informations about the new equipments. Please give me an advice." Kafuta s ya kwanza, kafuta s ya pili, halafu ile "an" ya advice kaizungushia duara na pembeni kaandika "uncountable" na alama ya mshangao. Hiyo alama ya mshangao ndo imeniuma.

Nimeenda kusoma mwenyewe nikakuta wanasema maji, mchanga, hewa, hivyo havihesabiki. Sawa, nimeelewa, nani atahesabu mchanga. Ila mbele kidogo wanasema eti na furniture haihesabiki, luggage haihesabiki, money haihesabiki!! Jamani viti si navihesabu? Mabegi si nayahesabu? Pesa ndo kabisaa, kuna kitu binadamu anahesabu kuliko pesa? Naomba mtu anieleze kwa lugha nyepesi, na hizi a, an, the zinaingiaje hapo, maana kuna muda wanaweka, kuna muda hawaweki kitu chochote na mimi naona kama wanacheza tu. Nawasilisha.

kimya_kingi

Naweka kambi hapa. Na mimi ni mhanga wa "advices".

fundi_maneno

Pole mkuu. Kosa lako limetoka kwenye Kiswahili, tena Kiswahili kizuri tu. Wewe kichwani ulikuwa na "vifaa", ukatafuta Kiingereza chake ukapewa equipment, ukakumbuka vifaa ni wingi, ukabandika s. Na taarifa hivyo hivyo, kwetu kuna taarifa moja na taarifa tano. Shida ni kwamba equipment sio kifaa. Ni jina la rundo zima bila kujali ndani kuna nini.

Chukua neno "usafiri". Una baiskeli na una pikipiki, vyote viwili ni usafiri, unaviona, unavigusa, unavihesabu. Sasa jaribu kusema "nina usafiri wawili". Sikio linagoma si ndio? Utasema nina vyombo viwili vya usafiri. Hakuna aliyekufundisha hiyo darasani, umezaliwa nayo. Basi furniture kwa Mwingereza ni kama usafiri kwako. Viti anavihesabu kama wewe, chair moja, chairs mbili, lakini neno linalobeba vyote kwa pamoja halikubali namba. Luggage ndani yake kuna bags, jewellery ndani yake kuna rings, machinery kuna machines, homework kuna exercises, traffic kuna cars. Na money kuna coins na notes na dollars, ndo hizo unazohesabu, hakuna siku umewahi kuhesabu "one money, two money".

Kwa hiyo usiulize kama KITU kinahesabika. Uliza kama NENO linahesabika. Hao waliokuanzishia na mchanga ndo waliokupoteza, maana mchanga ni mfano rahisi mno, unakufanya udhani ni suala la macho.

Halafu advice hata usiilaumu sana, kwetu nako ushauri hauna wingi. Ukitoa u unabaki na shauri, na mashauri ukiyasikia siku hizi unawaza mahakama. Kwa hiyo ulivyoandika "an advice" hata Kiswahili chako kilitakiwa kikushtue kidogo.

bila_breki

Mi hapa nitapingana na wanaosema Kiingereza kina mantiki yake. Hakina. Mfaransa anasema "des informations" na s yake safi kabisa na "des conseils" kwa advice, Mjerumani ana "Informationen", wingi, na wote hao ni majirani wa Mwingereza na wanaishi dunia hii hii yenye taarifa zile zile. Na hata Waingereza wenyewe karne nyingi zilizopita walikuwa wanaandika informations, baadaye wakaacha, na kwenye sheria mpaka leo linabaki kama jina la aina fulani ya hati ya mashtaka na linaingia wingi vizuri tu. Sasa mtu anakuja kukuwekea mshangao mwekundu kama vile umetukana.

Ila sikushauri uendelee kuandika hivyo kazini, nakwambia tu usijione mjinga.

fundi_maneno

@bila_breki hapo hatupingani hata, ndo nilichosema, ni neno sio kitu. Na maneno huwa yanahama upande. Kuna "pea", njegere. Zamani lilikuwa "pease", neno lisilohesabika kama mchele, sasa watu wakasikia lile s la mwisho wakadhani ni wingi, wakalikata, wakapata "pea" moja ambayo haikuwepo. Tukicheka tukumbuke na sisi tulimchukulia Mwarabu "kitab", tukasikia ki, tukatengeneza vitabu. Na barabarani tukaokota keep left tukapata kipilefti na vipilefti. Watu ni wale wale.

mdadisi_tu

Duh hiyo ya usafiri imeniingia moja kwa moja. Sasa mkuu nikitaka ushauri MMOJA nafanyaje? Na a na the?

binti_kamusi

Naomba nijibu mimi hapa kaka, maana hii ya a ilinitesa miaka.

Kwanza kujua "a" imetoka wapi kunasaidia kuliko kanuni kumi. Kiingereza cha kale kulikuwa na neno "ān", maana yake moja. Likagawanyika njia mbili, likisemwa kwa nguvu likawa "one", likisemwa harakaharaka likachakaa likawa "an" na "a". Kwa hiyo kila ukiandika a umeandika "moja" iliyochakaa. Ukishajua hilo huhitaji kukariri kwamba a haikai na neno lisilohesabika, inakaaje wakati ni namba? "An advice" ni sawa na "ushauri kimoja", hata hujui ngeli gani uweke.

Na the ni ndugu wa "that". Ni kama "ile", "yule", "kile" yetu tunayoitanguliza, yule mzee, kile kitabu, pale ambapo sio lazima unyooshe kidole ila msikilizaji anajua ni kipi.

Ukitaka kimoja unatafuta chombo cha kukatia. Kwetu: tone la maji, punje ya mchele, chembe ya mchanga, kipande cha mkate. Kwao: a drop of water, a grain of rice, a slice of bread. Na kwa yale maneno ya hewani neno lao la kazi zote ni piece: a piece of advice, a piece of information, a piece of news, a piece of furniture. Najua inachekesha kusema kipande cha ushauri, mi nilicheka pia. Ukiona piece inakera weka "some" maisha yaendelee, "please give me some advice", hiyo ndo wanayosema wengi kwenye maongezi.

Kuna mahali Kiswahili kinawazidi. Sisi tuna ile u ya mbele inayochomoa kimoja kwenye rundo: nywele, unywele. Nyasi, unyasi. Kuni, ukuni. Mwingereza kwenye nyasi inabidi azunguke, "a blade of grass". Kwenye nywele anatumia a: "She has black hair", ana nywele nyeusi, zote kichwani. "There is a hair in my cup", kuna unywele kwenye kikombe changu. Sasa wewe ukisema "she has a black hair" umesema ana unywele mmoja tu mweusi, labda mwingine wote ni mvi. Na ukisema "there is hair in my cup" bila a, basi mtu atawaza umekuta kishungi humo ndani.

mkorofi_wa_sarufi

Yote mazuri lakini mbona hotelini tunasikia "two coffees please"? Coffee si ni maji maji? Na mbona kuna "a knowledge", "a great help"? Mnatufundisha sheria halafu wenyewe hawazifuati.

fundi_maneno

Swali zuri japo jina lako linatisha. Na wewe hotelini unasemaje? "Lete chai mbili, maji matatu." Maji hayana umoja wala hayahesabiki lakini mhudumu anakuelewa, analeta chupa tatu. Coffees ni hivyo hivyo, vikombe vimemezwa. Neno halijavunja sheria, limevuka upande kwa muda na maana yake imebadilika kidogo.

Na hapo ndo pa kuwa makini maana mengi yanavuka na maana inageuka kabisa. Paper ni karatasi, a paper ni gazeti au andiko la kitaaluma au mtihani. Iron ni chuma, an iron ni pasi. Glass ni kioo, a glass ni glasi ya kunywea. Room bila a ni nafasi, "there is room for you" kuna nafasi yako, "there is a room for you" kuna chumba chako, tofauti ya kulala kitandani na kujibanza pembeni. Time ni wakati, "three times" ni mara tatu.

Linaloumiza watu ni experience. Niliwahi kuandika kwenye wasifu wangu wa kuombea kazi "I have many experiences in accounting" nikijiona nimemaliza. Experience bila s ndo uzoefu wa kazi. Experiences zenye s ni mambo yaliyokukuta, visa na mikasa. Kwa hiyo nilikuwa nimemwambia mwajiri kwamba katika uhasibu yamenikuta mengi. Sikuitwa.

Kuhusu a knowledge, upo sahihi, "a good knowledge of English" wanakubali. Majina machache ya mambo ya kichwani yakipata sifa mbele yanaazima a, a good education, a deep love, a great help. Lakini usichukue ukapeleka kila mahali. Weather haikubali hata umsifie vipi. "What a lovely day" ndio, "what a lovely weather" hapana, ni "what lovely weather". News nayo hapana, pamoja na hiyo s yake. News is, sio news are, na "a good news" haipo. Progress haipo na a. Hayo ni ya kukariri tu mkuu sina dawa.

kimya_kingi

Yamenikuta mengi katika uhasibu 😂😂 nimecheka peke yangu mpaka watu wamenigeukia.

binti_kamusi

Niongezee kuhusu kutoweka chochote, maana mdadisi aliuliza na tumeruka.

Ukiongelea kitu kwa ujumla wake wote duniani, neno lisilohesabika linakaa uchi. "Life is hard." "Water boils." "I love music." Ukitia the msikilizaji anauliza yapi? The music inabidi iwe ile tuliyoisikia pamoja, "I liked the music at the wedding". The life inabidi iwe na mwenyewe, "the life of a sailor". Wengi wetu tunaandika "the life is hard" tukidhani the inaongeza uzito, haiongezi, inapunguza, inaifanya iwe life moja tu fulani.

Neno linalohesabika nalo kwa ujumla linakaa uchi ila kwa wingi, "dogs bark". Likiwa umoja ndo haliruhusiwi kutembea peke yake, lazima lishikwe mkono na kitu, a, the, my, this, chochote. "I bought book" ndo kosa letu kubwa kuliko hata la informations, maana Kiswahili hakina haya mambo, "nimenunua kitabu" basi.

Ila sio kweli kwamba hatuna kabisa. Sikiliza: "nimeona kitabu" na "nimekiona kitabu". Ya kwanza ni kitabu chochote, I saw a book. Ya pili, ile ki ya katikati, ni kile tulichokuwa tunakitafuta, I saw THE book. Kwa hiyo ukiwa unaandika Kiingereza ukakwama, irudishe sentensi kwenye Kiswahili uone kama mdomo unataka kuweka ki, i, li, ya. Ukitaka, weka the. Kwa watu haifanyi kazi vizuri maana mtu tunamwekea m hata kama hatumjui, nimemwona mtu. Kwa vitu inasaidia sana, mi mpaka leo nafanya hivyo kimyakimya.

Na kuna sehemu za taasisi. "He is in prison", kafungwa. "He is in the prison", yumo tu mle ndani kwenye jengo, labda kaenda kumtembelea mtu au kutengeneza bomba. Ukikosea hiyo the umemfunga mtu. School na church zinaenda hivyo hivyo. Hospitali Mwingereza anasema in hospital, Mmarekani anasema in the hospital, hapo wenyewe hawajakubaliana kwa hiyo usijisumbue.

bila_breki

Na a na an jamani msisahau, ni SAUTI sio herufi. An hour maana h haisikiki. A university maana inaanza na yu. An X-ray, tunasema eksi. Nimeona mtu mzima na digrii yake anaandika "an university".

Tena hiyo an imewahi kuwachanganya wenyewe. Apron ilikuwa napron, "a napron" watu wakasikia "an apron" n ikahamia upande wa pili na haikurudi. Newt, kile kimnyama cha majini kama mjusi, ikapata n yake kwa njia ya kinyume, ilikuwa ewt. Eti ndo wanatusahihisha.

mdadisi_tu

Wakuu mmenipa darasa. Naomba mnisahihishie hizi halafu niwaache mpumzike, zinatoka kwenye ripoti ninayoandika:

"We did a research. We have few problems but we made a big progress. There is much tools in the store. I have little time tomorrow, we can talk."

fundi_maneno

Twende. "We did a research", toa a, "we did some research", au sema "we did a study", study inahesabika na hakuna anayekasirika. "A big progress", toa a, weka "good progress" au "a lot of progress". "Much tools", tools zinahesabika kwa hiyo many, na there are. Much ni ya visivyohesabika. Ukipata mashaka andika "a lot of" inakaa pande zote mbili, ndo maana mi naipenda.

Sasa hizo mbili zilizobaki, few na little, hapo nakuomba utulie maana sarufi yake iko sawa lakini maana inaweza kukugeuka. "We have few problems" ni matatizo machache TU, karibu hakuna, mambo ni mazuri. "We have a few problems" ni matatizo kadhaa, yapo, kaeni chini tuongee. Ulitaka ipi? Kama ni ya pili weka a. Na "I have little time tomorrow" umesema kesho sina muda, halafu hapo hapo unamwambia tuongee. Bosi atadhani unamfukuza. "I have a little time tomorrow", ninao muda kidogo, karibu. Few kwa vinavyohesabika, little kwa visivyohesabika, na ile a ndogo ndo inageuza kutoka "karibu hakuna" kuja "ipo kiasi".

mkorofi_wa_sarufi

Kumbe ndo maana niliwahi kumwambia mgeni mmoja "I have few friends here" nikitaka kumringia, akaniangalia kwa huruma akaninunulia soda.

mdadisi_tu

MREJESHO. Wakuu nimerudi. Nimerekebisha ile imeli, nimeandika "I need some information about the new equipment. Any advice would be a great help." Hiyo a great help nimeiweka kwa makusudi kabisa nione kama ataizungushia duara. Hajaizungushia. Kajibu mwenyewe asubuhi hii, nanukuu: "Much better! I will send you my feedbacks tomorrow."

Feedbacks. Nimeangalia kamusi mara mbili, feedback haihesabiki. Wakuu nimzungushie duara?

binti_kamusi

Na mshangao pembeni.

bila_breki

Kwa rangi nyekundu.

fundi_maneno

Mkuu usiwasikilize hao. Ukimtumia hiyo duara kesho utakuja hapa kuuliza kama mtu anatafuta "a job" au "a work". Jibu nakupa mapema kabisa: a job, work haina a.